Risper wa Saba

Adhiambo mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo sijaweza kuitoa masikioni kwa miaka minne sasa. Si kilio, wala si risasi. Risasi sikusikia hata moja kule kwenye kambi ya wakimbizi. Zilikuwa zimeishia ng'ambo ya mto. Ni kicheko cha mwanamke aliyekuwa katikati ya uchungu wa kuzaa. Nilikuwa nyuma ya turubai nikianika glavu tulizofua, na upande wa pili mwanamke huyo alikuwa akiguna tangu jana yake. Mara akacheka. Alicheka kwa tumbo lote, na wanawake wengine waliolala chini wakacheka naye, na mimi nikabaki nimeshika glavu yenye maji, uso umepata moto. Sikuhitaji kuchungulia ili nijue ni nani aliyekuwa amekaa naye.

Alikuwa Anti Risper wako.

Sasa hivi umeenda kwa kinyozi, kwa sababu shule haitaki nywele ndefu, na ninajua utachelewa kwa kuwa utapita kuwaaga wenzako sokoni. Sanduku lako la bati limekaa mlangoni. Mambo ya sabuni, soksi na blanketi sitayaandika. Orodha ya shule imeyasema yote, na wewe ni mpangaji mzuri kuliko mimi. Ninakuandikia lile ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Nimechagua Kiswahili kwa sababu Kijaluo kingeniliza kabla sijafika popote, na Kiingereza kingenipa maneno ya kujificha. Isome ukishafika Homa Bay. Usiisome mbele yangu.

Nianze na la karibu. Barua ya shule ilipofika, niliifungua kabla yako nikaona Homa Bay. Nikaiweka chini ya godoro langu siku tatu. Ulikuwa unaenda posta kila mchana na kurudi umenyong'onyea, nami nikikuambia, "Labda kesho." Shule ni nzuri. Tatizo langu ni kwamba kutoka lango la shule hadi nyumba ya Risper ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Niliona Jumapili zako zote pale kwake, ukila samaki wake, ukicheka vichekesho vyake. Siku ya nne nikakupa ile barua nikasema imefika sasa hivi. Uliruka ukanikumbatia, na jambo la kwanza ulilosema ni, "Anti Risper atafurahi!"

Nilisoma pia ile insha yako ya darasa la nane, "Mtu Ninayemheshimu." Uliiacha mezani, labda ukitaka niione. Kurasa mbili nzima za Risper: alivyowahudumia wakimbizi wa vita vya Rwanda, alivyolala chini, alivyowabeba wagonjwa mgongoni matope yakimfika magotini. Ni kweli yote. Halafu karibu na mwisho, sentensi moja: "Mama yangu pia alikuwa huko." Mwalimu aliweka alama ya vema pembeni mwa sentensi hiyo. Niliitazama ile alama kwa muda mrefu.

Nami nilikuwa huko, Adhiambo. Acha nikuambie nilikuwaje.

Mwaka ule wa vita, unakumbuka dani, nyanya yako wa Rangwe, alikataa kula samaki. Watu walisema maiti zimeletwa na mto hadi ziwani, na akina mama wa Homa Bay walikaa na mitungo yao ya ngege mpaka ikaoza, hakuna mnunuzi. Kwa wengi wetu hapa vita vilikuwa hivyo: samaki wasiolika na sauti ya redio. Kisha shirika moja la misaada likatuma watu katika hospitali za huku kutafuta wauguzi. Walitutaka sisi kwa sababu mbili tu. Tulijua Kiswahili, ambacho wakimbizi wengi walikijua kidogo, na tungeweza kufika kwa barabara: Isebania, Sirare, Musoma, Mwanza, halafu kivuko, halafu vumbi hadi karibu na mpaka wa Rwanda. Tulijitokeza wanawake kumi na mmoja. Wanaume walitaka kwanza kujua cheo.

Mimi nilikuwa na alama za juu kuliko wote. Huo ni ukweli na sitauficha kwa unyenyekevu. Nilikuzaa mwaka niliomaliza kidato cha nne; nikakuacha kwa dani nikaenda chuo, nikatoka wa kwanza katika darasa letu. Risper alitoka wa kumi na tisa. Nilikuwa nikimfundisha majina ya mishipa, yeye akiyaimba kama nyimbo za kanisani ili asiyasahau. Yule mama aliyetuhoji alisoma vyeti vyangu akatikisa kichwa kwa heshima. Alipofika kwa Risper, walicheka pamoja robo saa, sijui wakicheka nini. Tukapita sote wawili.

Siku ya kuondoka ulikuwa na miaka kumi. Ulisimama na dani kwenye njia ya Rangwe, hukulia. Nilitaka ulie. Risper, ambaye hakuwa na mtoto, alikuinua akakuzungusha hewani, ukapiga kelele za furaha, na ndipo nikalia mimi. Unaona tulivyoanza.

Kambi sitaieleza sana. Fikiria soko la Migori siku ya soko, halafu ulitandaze juu ya vilima hadi macho yachoke, na badala ya vibanda uweke majani na plastiki ya bluu. Hema letu la uzazi lilikuwa na vitanda vinane na wagonjwa ishirini. Glavu zilikuwa za kutumia mara moja, lakini tulizifua, tukazianika kwenye kamba, tukazipaka poda, tukazivaa tena. Maji yalifika kwa lori. Na nataka ujue jambo ambalo hata Risper hakusimulii vizuri, kwa sababu yeye husimulia watu wakacheka: kazi ile waliifanya wanawake, na wengi wao hawakuwa na cheti chochote. Wakunga wa wakimbizi wenyewe, vikongwe waliotembea majuma mawili kwa miguu, ndio waliotuletea wagonjwa, wakiwabeba kwenye blanketi lililofungwa kwenye miti miwili. Kina mama wa makanisa ya Migori walituma mafungu ya leso na fulana za watoto walizofuma wenyewe. Mwanamke mmoja aliyepoteza watoto wake wote alijipa kazi ya kuchemsha vyombo vyetu, akaifanya kila siku bila kuongea, na siku alipokosekana tulijua amekufa. Sikuwahi kulijua jina lake. Sasa unajua kwa nini majina yananiuma.

Unajua kwetu jina ni nini. Mtu akimpa mtoto wake jina lako, mtoto huyo ni nyinga wako, jina lako linalotembea kwa miguu mingine. Utamletea gauni, utamwuliza hali hata akiwa bado hajui kuongea, na ukifa yeye yupo. Wale wanawake wa Rwanda hawakuwa na desturi hiyo kama yetu, lakini Risper alikuwa amewaeleza. Aliwaambia kwa utani, "Huku kwetu ukimwita mtoto wako Risper, nitamletea kuku." Basi wakaanza. Risper wa kwanza alizaliwa juma letu la tatu. Wa pili, wa tatu. Mpaka wapishi wa jiko la uji wakawa wanamtania, "Sista, kuku wote hao utawatoa wapi?" Naye akajibu, "Nyar Rangwe atanisaidia, babake ana kuku wengi." Nyar Rangwe ni mimi, binti wa Rangwe, ndivyo alivyoniita siku zote, nami nikamwita Nyar Karungu.

Nilikuwa nikiwahesabu. Hakuna aliyejua. Nilikuwa na mikono mizuri kuliko yeye. Mshipa uliofichika niliupata mara ya kwanza, yeye alitoboa mara tatu akiomba msamaha kwa mzaha. Siku moja mwanamke alitokwa damu baada ya kuzaa. Nilikaa na mkono wangu ndani yake kwa saa nzima, nikiubana mji wake wa uzazi, mpaka damu ikakata na bega langu likafa ganzi. Alipopata nguvu ya kuongea, nilimwuliza kwa upole, moyo wangu ukidunda kama wa msichana anayesubiri kuitwa kucheza, "Mama, mtoto utamwita nani?"

Akafikiri. Akaniuliza, "Yule Sista anayecheka, jina lake ni nani?"

Huyo alikuwa Risper wa tano.

Jioni hiyo Risper alinikuta nimekaa juu ya ndoo. "Nyar Rangwe, mbona umenuna kama mtu aliyenyimwa mchuzi?" Nikamwambia nimechoka. Akanivua viatu akanikanda miguu. Adhiambo, sijui kama utaelewa hili sasa au baadaye: kumwonea wivu mtu mbaya ni rahisi, unamchukia na mambo yanaisha. Mimi nilimwonea wivu mtu aliyekuwa akinikanda miguu.

Majuma matatu kabla hatujarudi nyumbani akaja Beata. Alikuwa fundi cherehani kwao, mwembamba, mumewe alipotea njiani na hakujua kama yu hai. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Risper alikaa naye siku mbili. Alimgeuza huku na huku, akamtembeza, akaimba, na hicho kicheko nilichokuambia ni cha Beata. Nilimsikia Risper akisema, "Mama, mtoto anauliza kama huku nje kuna sukari. Nimemwambia ipo. Sasa usinifanye mwongo."

Siku ya pili saa saba mchana niliingia zamu. Risper hakutaka kuondoka, lakini kwenye hema la kuhara walikuwa wakimwita. Alimwambia Beata, "Nakuachia mwenye mikono," akatoka mbio. Robo saa baadaye mvua ya mawe ilianza kupiga turubai kwa kishindo kikubwa hata hatukuweza kusikilizana, na katikati ya kishindo hicho mtoto akaja, msichana, mikononi mwangu. Mikononi mwangu, Adhiambo. Nilikata kitovu. Nilimfuta. Alinishika kidole.

Mvua ilipopungua nikakaa na daftari na kadi. Kadi zetu ziliandikwa jina la mtoto, namba na tarehe. Jina la mama lilibaki kwenye daftari, na namba ndiyo iliyoviunganisha.

"Sista, andika Risper," alisema Beata.

"Risper ametoka," nikasema. "Mimi ndiye niliyemzalisha."

"Najua. Mungu akubariki sana. Andika Risper."

Angekuwa Risper wa saba. Niliinamisha kichwa, na kwenye kadi nikaandika Milka. Kwenye daftari vilevile nikaandika Milka. Nikapiga muhuri. Nilijiambia ni jambo dogo, kwamba mama atamwita apendavyo na karatasi ni karatasi, kwamba mahali fulani duniani patakuwa na kadi moja tu yenye jina langu, nami sitamdai mtu yeyote kuku. Beata hakujua kusoma. Aliishika kadi akaweka kidole juu ya jina, akaniuliza, "Hapa ndipo Risper?"

Nikasema, "Ndiyo."

Nimewahi kukosea kipimo cha dawa. Nimewahi kusinzia zamu. Makosa hayo nimeyasimulia mbele ya matroni bila kutetemeka. Hili sikulisimulia kwa mtu yeyote, na kwa miaka karibu minne sikuliona hata kuwa kosa. Niliona ni siri yangu tamu. Nilipokuwa nikikuona umemwegemea Risper hapa sebuleni, nilijiambia moyoni, nami ninaye mmoja.

Sasa nije kwenye Desemba iliyopita. Ulikuwapo, lakini hukuona kilichotokea, kwa hiyo nitakusimulia tena.

Risper alikuja na mkoba wake mkubwa na mkate. Ulikuwa umekaa sakafuni ukiegemea magoti yake. Akatoa bahasha akasema, "Sikilizeni, hii inanikosesha usingizi." Ilikuwa barua ya Beata, aliyoandikiwa na mtu. Kambi ilipofungwa, watu walirudishwa kwao kwa wingi, barabara ikajaa, na katika msukumano ule kwenye daraja mtoto aliteleza mgongoni mwake, kadi yake ikiwa imefungwa shingoni. Hakuwa amefika hata miaka miwili. Jina lake mwenyewe alikuwa bado hajaweza kulitamka. Tangu hapo Beata amekuwa akienda kwenye vituo vya watoto waliopotea, na kila mahali huuliza: mna Risper? Majina husomwa kwa kipaza sauti. Husikiliza mpaka mwisho wa orodha. Picha hubandikwa ukutani, lakini mtoto aliyekupotea akiwa wa maziwa, ukimwona baada ya miaka miwili ana uso mwingine, na picha ni za ukubwa wa kidole gumba. Tarehe haikumbuki. Anakumbuka mvua ya mawe tu. "Sista Risper," aliandika, "nisaidie kumtafuta nyinga wako." Alikuwa bado analikumbuka lile neno letu.

Ulilia. Ulimshika Risper mkono.

Kisha akatoa karatasi ya pili. Ofisi inayotafuta jamaa za watoto ilikuwa imemtumia orodha ya watoto waliookotwa wakiwa na kadi zenye muhuri wa hema letu, wakitumaini wauguzi tutakumbuka lolote, maana daftari letu lilipotea kambi ilipofungwa. Walikuwa wachache. Risper aliwasoma kwa sauti akishusha kidole, akasimama, uso wake wote ukang'aa.

"Ero! Nyar Rangwe, kumbe na wewe una nyinga huko! Milka, msichana. Tazama! Na umekaa kimya miaka yote hii, mchoyo wewe, ukiniacha nijivune peke yangu!"

Ukaruka. "Mama! Mbona hukutuambia?"

Nikasema, "Nilisahau."

Na ulinitazama. Mwanangu, ulinitazama kwa yale macho. Yale ambayo huwa unampa yeye, ya mtu anayetazama kitu kikubwa. Nilikuwa nimeyangoja maisha yako yote, tangu nilipokuacha mchanga kwa dani na kukuta nikirudi likizo unamwita yeye mama na mimi unaniita Milka. Niliona tarehe kwenye orodha. Niliona mji ulipo kituo cha mtoto, mbali kabisa na vituo alivyokwenda Beata. Nilijua pale pale, chai bado ya moto mezani. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa ukinitazama.

Risper alikunja karatasi akasema kwa huzuni, "Wako yupo. Wangu ndiye hayupo."

Nilinyamaza majuma matano. Nataka uijue idadi hiyo. Nilijipa sababu: huenda kweli kuna mwanamke mwingine aliyemwita mtoto wake Milka, nami sikuambiwa. Lakini mimi ndiye niliyejaza daftari lile miezi yote, na nilikuwa nikiliangalia kila siku, nikilitafuta jina langu. Halikuwemo hata mara moja. Na majuma hayo yalikuwa matamu, hilo ndilo baya zaidi. Uliniuliza habari za kambi kwa mara ya kwanza. Uliniuliza juu ya mikono yangu. Uliwaambia rafiki zako sokoni, nikakusikia kutoka kwenye duka la vitambaa: "Mamangu ana mtoto ameitwa jina lake huko Rwanda, kwa sababu alimwokoa." Sikukusahihisha. Nilinunua kitambaa ambacho sikukihitaji ili niendelee kusikiliza.

Kisha Jumapili iliyopita ulipokuwa ukipanga nguo za shule, ulitoa lile gauni lako la zamani la bluu, lenye kola. Ulilipiga pasi. Ulilikunja vizuri ukaliweka kitandani kwangu ukasema, "Mama, mtumie nyinga wako. Atakuwa na miaka minne, litamtosha akikua kidogo." Ukatoka ukiimba.

Sikuweza kuligusa. Nilikaa kando yake kama mtu aliyekaa na maiti.

Sikuandikii ili nikufundishe kutokuwa na wivu. Sijui jinsi ya kutokuwa nao. Nimejaribu kuomba, nimejaribu kufanya kazi mpaka nichoke. Ninachokijua ni kidogo. Wivu wangu ulipobaki tumboni ulinichoma mimi peke yangu, na hilo niliweza kuishi nalo. Siku nilipoupa kalamu, ukatoka ukaenda kumchoma mwanamke ambaye hakuwa amenikosea kitu, aliyenibariki dakika ile ile. Ukija kuhisi kitu cha namna hiyo bwenini, juu ya msichana anayependwa zaidi yako, nawe utakihisi kwa kuwa damu yako ni yangu, niandikie. Niandikie maneno mabaya kabisa. Nitayasoma bila kushtuka. Ningekuwa na mtu wa kumwandikia hivyo kule kambini, pengine Beata angekuwa na mtoto wake.

Na Risper mpende. Nilitaka kuandika "lakini usinisahau," nikafuta. Nenda kwake Jumapili, kula samaki wake. Nitaumia, hiyo ni kazi yangu. Ulichoandika kwenye insha kilikuwa haki. Alama ya vema ilikuwa mahali pake.

Sasa nikuambie nilichofanya, kwa sababu huna budi kukijua kabla hujakisikia kwa watu.

Jumatatu niliandika barua mbili. Ya kwanza ni ya ile ofisi. Nimewaandikia kwamba msichana aliye kwenye orodha yao kwa jina la Milka ndiye binti wa Beata, kwamba jina hilo nililiandika mimi kwa makusudi mama akiwa ametaja jingine, na kwamba mama yake alimwita mtoto huyo Risper. Nimetia sahihi na namba yangu ya usajili wa uuguzi. Nilipofika kwenye lile jina kalamu ilisita. Nilijua nikiliandika Beata atampata mtoto, na atakayemshukuru ni Risper, na nyinga wangu wa pekee hatakuwepo tena. Hata hapo, Adhiambo. Hata hapo niliona wivu. Nikaandika.

Ya pili ni ya Risper. Hiyo ilikuwa ngumu zaidi, ingawa ni fupi.

Nakala ya ile ya kwanza nimempa matroni wangu. Ameisoma mara mbili akaniambia nisije zamu mpaka niitwe. Sijui kama nitaitwa. Ada yako ya muhula huu imelipwa, usiwaze hilo. Watu wa Migori wakianza kusema, na watasema, wewe utakuwa unajua tayari.

Kesho Risper atakuwa amesimama pale stendi ya Homa Bay akikungoja, kama tulivyopatana Desemba. Hajanijibu. Sijui atakuwa na uso gani. Anaweza akawa amenuna, na sijawahi kumwona amenuna, kwa hiyo siwezi kukuambia inakuwaje. Usimtetee mama yako mbele yake. Mbebee mkoba.

Nilizipeleka posta mwenyewe Jumanne asubuhi, kwa rejista, pamoja na lile gauni, kabla sijakuambia lolote. Nilijijua. Kama ningesubiri mpaka nione tena jinsi unavyonitazama, nisingezituma.

Mimi, niliyekuzaa na ambaye sasa unamjua,
Milka